Timu ya mtaa isimwache mtu nje
Kocha mwenzangu, kama unataka timu ipokee kila mtu anza na ratiba, maana ukiweka mazoezi saa kumi jioni mwezi wa Ramadhani utawakosa waliofunga, sogeza baada ya futari au punguza mbio. Binti akija na hijabu mwache acheze, sheria za soka zinaruhusu tangu 2014, cha muhimu isiwe na pini. Asiyesikia usimpulizie filimbi tu, inua na bendera, halafu ongea ukimtazama usoni. Njumu nazo aisee, usimrudishe mtoto nyumbani kisa hana, tafuteni za mtumba mgawane. Na utani wa makabila ukishaanza kumuumiza mtu, simamisha mazoezi hapo hapo mliongelee.