Vuli ikiingia, amkia bwawani

Wafugaji wengi wa perege Unguja na Pemba wanaogopa masika, maana masika hubomoa matuta na kila mtu akaona. Mimi naiogopa zaidi vuli.

Kuanzia Oktoba, upepo wa kusi umeshalegea na kaskazi haijashika. Katika maleleji hayo jua ni kali na maji ya bwawa yametulia tuli. Ya juu yanapata moto na kuwa mepesi, ya chini yanabaki baridi na mazito, na hayachanganyiki. Huko chini samadi, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vinaoza na kuimaliza oksijeni. Ikipiga mvua kubwa usiku, maji yake ya baridi yanazama na kuyavuruga yale mabovu, yanapanda juu. Asubuhi samaki wanaelea matumbo juu, na mara nyingi wakubwa ndio wanaotangulia. Hapo watu hushuku maradhi au sumu, kumbe ni kukosa hewa.

Kwa hiyo, ukitoka sala ya alfajiri pitia bwawani, kwani oksijeni huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Ukiwaona perege wako juu wanatweta, piga mguu chini ukingoni. Samaki mzima hushtuka akazama. Aliyekosa hewa hazami, au huzama kidogo akarudi papo hapo akiachama mdomo.

Ukiona hivyo usiwape chakula. Fungua bomba la chini maji mabovu yatoke, kisha ingiza maji mapya. Ya kisima usiyamimine moja kwa moja, kwani mara nyingi nayo hayana hewa ya kutosha. Yapitishe kwenye bati lililotobolewa matundu, yaanguke kutoka juu kama manyunyu. Kama una pampu ndogo, vuta maji ya juu ya bwawa uyarushe humo humo mpaka jua lipande.

Ila kinga ni bora, na inaanza kabla ya mvua. Zamisha mkono ulionyooka, kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, kiasi cha sentimita 30, ukijani wa maji, yaani vimea vidogo vinavyokuzwa na samadi, ni wa kutosha. Kikipotea mapema zaidi, acha samadi kabisa. Wanaoongeza samadi ili "maji yakolee" wakati mawingu yanajikusanya wanajitafutia hasara: vimea vile vya kijani hutoa oksijeni mchana kwenye jua tu, na usiku navyo vinaitumia.

Chakula nacho kina saa yake. Subiri saa tatu au saa nne asubuhi, tia kidogo kidogo, wakiacha kukimbilia na wewe acha. Pumba za mpunga na chicha ni chakula chetu cha karibu, lakini chicha isiyoliwa hulala chini ikachacha. Siku ya mawingu mazito toa nusu, au usitoe. Perege hafi kwa kukosa chakula siku moja.

Waliokufa watoe haraka, wafukie mbali na kisima. Chimba mfereji juu ya bwawa uyakinge maji yanayotiririka kutoka mashambani, hasa palipopigwa dawa ya wadudu. Na bomba la kupunguzia maji lifunge wavu wa matundu madogo, ulisafishe majani kila baada ya mvua, la sivyo litaziba na maji yatapita juu ya tuta pamoja na samaki wako.