Kukadiria matokeo kabla ya kupasua ini: hatua kwa hatua

Naandika kwa madaktari tarajali wa wodi za upasuaji hapa Dodoma. Saratani ya utumbo mpana ikishafika kwenye ini na mgonjwa akapangiwa upasuaji, ndugu watakuuliza, "Daktari, atapona?" Usijibu kabla hujasoma karatasi zake na kumpa alama za hatari, 0 hadi 5; zikiwa nyingi, hatari ni kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa nyama iliyotolewa) ya upasuaji wa utumbo. Hapa ndipo penye kazi. Mgonjwa anatoka Kondoa au Manyoni na bahasha imejaa picha na risiti, lakini ripoti yenyewe haimo. Piga simu alikopasuliwa, usikisie. Kama tezi za limfu zilikutwa na saratani, mpe alama 1. Soma pia zilichunguzwa tezi ngapi. Zikiwa chini ya 12, jibu la kwamba ziko salama usiliamini moja kwa moja.

Hatua ya 2: Hesabu miezi tangu utumbo ulipopasuliwa hadi ini lilipoonekana kuathirika. Chini ya miezi 12, alama 1. Kama vyote viligunduliwa pamoja, ni alama 1 pia.

Hatua ya 3: Picha ya CT na damu. Uvimbe zaidi ya mmoja, alama 1. Mkubwa wao ukizidi sentimita 5, alama 1. CEA, protini ya kwenye damu ambayo saratani hii huweza kuipandisha, ikizidi 200 ng/mL kabla ya upasuaji, alama 1. Maabara ikiandika µg/L, namba ni ileile.

Hatua ya 4: Jumlisha. Alama hizi zilitolewa na Fong na wenzake, New York, mwaka 1999, kutokana na wagonjwa 1,001. Waliokuwa na alama 0, asilimia 60 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wenye 5, asilimia 14. Ila wenye 3 walikuwa asilimia 20 na wenye 4 asilimia 25, kwa hiyo usimtishe mtu kwa tofauti ya alama moja. Dawa za saratani nazo zimeboreka tangu wakati ule.

Hatua ya 5: Zungumza na mgonjwa mwenyewe kwanza, kisha ndugu. Alama peke yake isimnyime mtu upasuaji. Kinachoamua ni kama uvimbe wote unaweza kuondolewa na ini linalobaki likamtosha, na hilo huamuliwa na jopo zima. Mwenye alama 3 kwenda juu, jadilini dawa mapema, na asiruhusiwe kurudi nyumbani bila tarehe ya CEA na CT iliyoandikwa kwenye kadi yake.