Somo: Mzee mwenye demensia anapogoma kuoga

Wengi mmeuliza kuhusu kuoga, basi leo tubaki hapo hapo. Mzee wako hafanyi ukaidi; ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uelewa. Maji ya kumwagiwa ghafla yanamshtua, kuvuliwa nguo na mtu asiyemtambua kunamtia aibu, na sakafu inayong'aa anaweza kuiona kama dimbwi.

1. Andaa vyote kabla hujamwita: maji ya uvuguvugu, kopo, sabuni, taulo, kanga mbili, nguo safi. Ukimwacha ukakimbilia taulo, ataanguka au atatoka hivyo hivyo.

2. Fuata saa yake. Aliyezoea kuoga alfajiri kabla ya swala, mwogeshe alfajiri. Jioni wengi huzidi kuchanganyikiwa.

3. Usimuulize "Utaoga?" Atasema hapana. Sema, "Mama, maji yako tayari," umshike mkono mwende.

4. Mkalishe kwenye kiti imara, mfunike kanga, umwoshe chini ya kanga hiyo. Anza na miguu. Kichwa mwisho, tena kwa kitambaa. Kabla ya kumgusa popote, mwambie. Mpe naye kitambaa ajisugue, hata akirudia goti lile lile mpaka mnamaliza.

5. Akigoma, acha, urudi baada ya nusu saa. Uso, makwapa na sehemu za siri ndivyo vya kila siku; mwili mzima mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Majirani watasema. Waache waseme.

MASWALI

Mimi ni mtoto wa kiume, na mama hataki kabisa nimwogeshe. Nifanyeje?
– Ana haki yake. Tafuta dada, shangazi au mama wa jirani aliyemzoea. Akikosekana kabisa, kanga isimtoke mwilini.

Shikamoo mwalimu. Bibi alikuwa anaoga vizuri, ila tangu juzi anaweweseka na hatambui mtu.
– Marahaba. Demensia haizidi ghafla namna hiyo, kuna kitu kingine. Mpeleke hospitali leo: inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, nimonia, hata choo kigumu. Beba dawa zote anazomeza, pamoja na Piriton (vidonge vya mafua na mzio) za duka la dawa. Piriton kwa wazee huongeza kuchanganyikiwa.

Mama anasema ataogeshwa na mama yake tu, na bibi alishafariki zamani. Nimwambie ukweli?
– Utampa msiba mpya kila asubuhi. Muulize, "Bibi alikuwa anakuogeshea wapi, mtoni?" Ataanza kusimulia. Wewe endelea na kopo.