Somo: Kujaza fomu ya iTax kwenye Windows, Mac au Linux bila kuwafungulia wezi mlango

Juni ikifika saiba zinajaa, na fomu ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), ikigoma mhudumu ana dawa moja: anaingia mipangilio ya Excel na kuruhusu makro zote. Fomu inafunguka kweli. Lakini makro ni programu kamili iliyomo ndani ya faili, na tangu hapo kompyuta hiyo itaendesha makro ya faili lolote litakaloletwa na mteja yeyote. Kuna njia nyingine.

Hatua ya 1. Jiulize kwanza kama unaihitaji Excel. Ikiwa mapato yako ni mshahara peke yake na una P9 ya mwajiri (karatasi ya mshahara na kodi yako ya mwaka), ukishaingia kama hatua ya 2 inavyoeleza, kwenye menyu ya Returns chagua fomu ya "Employment Income Only". Inajazwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo Mac, Linux na Chromebook zote ni sawa. Wengi humu mnahangaika na Excel bure. Mwenye biashara ndiye aendelee na hatua ya 3 baada ya kuingia.

Hatua ya 2. Andika itax.kra.go.ke kwa mkono wako. Usipitie kiungo cha SMS wala tangazo la juu kwenye Google. Kwenye anwani, kisome kipande kilicho kabla ya mkwaju wa kwanza (usihesabu ile miwili ya https://), ukianzia mwisho wake: lazima kiishie na .kra.go.ke, pamoja na nukta ya mbele. Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu wa mtu. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa, na matapeli nao wanaipata bila malipo. Lile swali la hesabu baada ya neno la siri ni la kuzuia roboti. Halikulindi dhidi ya tovuti bandia.

Hatua ya 3. Pakua fomu kutoka ndani ya iTax yenyewe, si ile ya kutumiwa kwenye WhatsApp, hata kama aliyeituma ni mhasibu wako. Inakuja ndani ya faili la ZIP. Kwenye Windows, kabla ya kulifungua, libofye kulia, ingia Properties, weka tiki kwenye "Unblock", kisha OK. Sababu ni kwamba Windows hutia alama kila faili linalotoka kwenye intaneti, na tangu 2022 Office inazuia makro za mafaili yenye alama hiyo. Ukilifungua ZIP kwanza, alama inarithiwa na fomu iliyomo. Sasa "Enable Content" itafanya kazi kwa faili hili moja tu.

Hatua ya 4. Mac na Linux: pakua toleo la ODS (aina ya faili la jedwali) na ulifungue kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Office. Kwenye mipangilio ya usalama wa makro weka "Medium", ikuulize kila mara. Excel ya simu na Google Sheets haziendeshi makro hizi, usijaribu.

Hatua ya 5. Jaza, bonyeza Validate, rekebisha makosa, kisha pakia ZIP inayozalishwa na fomu jinsi ilivyo. Usibadilishe jina lake. Hifadhi risiti. Kama uko saiba, toka kwenye akaunti na ufute ulichopakua, pamoja na kile kilichobaki kwenye Recycle Bin.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mhudumu wa saiba ndiye aliyenifungulia PIN (namba ya mlipakodi) miaka iliyopita. Nikibadilisha neno la siri inatosha?
Jibu: Haitoshi, dada. Angalia barua pepe iliyosajiliwa. Wahudumu wengi waliweka ya kwao, na neno la siri jipya likiombwa linatumwa huko. Badilisha barua pepe kwanza.

Swali: Mfumo ukianguka, taarifa zetu zimeibwa?
Jibu: Si lazima. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa kwa kufurikwa na maombi ya uongo hadi huduma zikakwama, na serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Ila Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha, usitegemee huruma ya mtandao. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Swali: Kwa nini wasitengeneze kitu cha kufanya kazi kila mahali?
Jibu: Si Kenya tu. Afrika Kusini fomu za SARS, mamlaka yao ya kodi, zilitegemea Flash, programu ya zamani ya kivinjari. Flash ilipokoma mwisho wa 2020, mamlaka ikatoa kivinjari chake yenyewe, na kikawa cha Windows pekee! Fomu ya mshahara ya hapa kwetu inaonyesha kwamba inawezekana.

Swali: Antivirus inalalamika kuhusu fomu halisi ya KRA. Niizime?
Jibu: Hapana, ndugu. Futa faili, lipakue upya kutoka iTax, kisha ujaribu ODS. Ikilalamika tena, peleka swali ofisi ya KRA iliyo karibu nawe.