Kufunga geji za ziada kwenye Land Cruiser ya dizeli, anza na joto la moshi

Wakuu, ule mshale wa temperecha kwenye dashibodi ya Toyota msiuamini sana. Umetengenezwa ukae katikati hata maji yakipanda digrii kadhaa, dereva asipate wasiwasi, sasa ukiuona unaanza kunyanyuka ujue huko ndani mambo yashaharibika kitambo. Mimi nilijifunza hili kwenye mlima wa Kitonga, nimetoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, pikapu ni Land Cruiser 79 yenye 1HZ, ile 4.2 ya silinda sita ambayo kiwandani haiji na tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) ila aliyeniuzia alishaifunga tabo ya mtaani. Mshale katikati kabisa, gari inavuta vizuri, nafurahi, kumbe pistoni inapikwa. Nilifika Iringa kwa kuvutwa na Fuso.

Kilichoua ile injini sio maji, ni joto la moshi. Dizeli ukiongeza mafuta kupita hewa iliyopo, moshi unatoka na moto mkali, na pistoni ni ya aluminiamu ambayo inayeyuka kwenye digrii 660 tu. Inapona kwa sababu moshi unapita na kuondoka na oili inaipooza kwa chini, lakini mlima wa dakika kumi na tano haukupi hiyo nafasi. Kwa hiyo kama una hela ya geji moja tu nunua ya joto la moshi, wameiandika EGT kwenye boksi. Ya pili joto la maji. Ya tatu presha ya tabo. Presha ya oili 79 inayo kwenye dashibodi, hiyo wenye Hilux ndio waifikirie.

Kabla hujanunua pima umeme wa gari kwa mita, sio kwa kuhesabu betri, maana kuna za 12V zina betri mbili. Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani used nyingi ni 24V, na geji ya 12V ukiipa 24 inaungua hapohapo.

Sasa sensa ya moshi. Inakaa kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya tabo, pale njia za silinda zinapokutana. Kuna mafundi watakwambia waweke kwenye bomba baada ya tabo ili wasitoboe manifoldi, ni kweli ni rahisi, lakini tabo inakula joto, gari ikiwa na mzigo unaweza kusoma digrii 100 au 200 pungufu, yani unaangalia geji inasema 550 na moshi kwenye manifoldi uko 700. Hapo bora usingefunga.

Toa manifoldi, ndio ushauri wangu, hata kama fundi anakwambia yeye anatoboa ikiwa juu ya injini na kupaka grisi kwenye drili ishike chenga. Chenga za chuma cha manifoldi ni kama mchanga, moja ikibaki inaenda moja kwa moja kwenye feni ya tabo inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ukitoa manifoldi unatoboa mezani, unapuliza kwa kompresa, unapitisha sumaku, unalala usingizi. Andaa gasketi mpya tu. Piga alama kwa senta panchi, anza na drili ndogo ya milimita 4, malizia na ya 8.7, halafu tepu ya kuchonga uzi ya 1/8 NPT, zungusha nusu mzunguko rudisha robo, usilazimishe maana tepu ikikatikia humo ndani utalia. Uzi huu unakuwa mwembamba kuelekea ncha, ukishuka sana na tepu kile kiungio cha sensa kinazama bila kukaza, kwa hiyo kijaribishe mara kwa mara wakati unachonga. Ncha ya sensa ifike katikati ya njia ya moshi, isiguse ukuta. Kwenye uzi paka grisi ya shaba ile inayovumilia moto, usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba, inaungua.

Waya zake nazo zina mambo. Ile sensa inatengeneza umeme mdogo sana kutokana na metali mbili tofauti, kwa hiyo zikiwa fupi usiunge na waya wa shaba wa kawaida, nunua waya wa aina yake. Na angalia rangi: sensa za aina ya K kwa rangi za Kimarekani, njano ndio chanya na NYEKUNDU NDIO HASI. Fundi umeme wangu miaka yote nyekundu kwake ni moto, yaani chanya, akafunga hivyo, nikawasha gari injini inapata moto geji inashuka. Tulicheka lakini tulishapoteza nusu siku.

Kwenye maji wengi tunatumia kile kipande cha aluminiamu kinachoingizwa kwenye hosi ya juu ya redieta, unakata hosi kidogo, unakiingiza, klempu mbili, sensa juu yake. Kimekaa katikati ya mpira, kwa hiyo hakina ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), ukisahau kukiwekea waya wa ethi kwenda bodi geji haisomi au inasoma vitu vya ajabu. Kama unataka kufunga kwenye hedi yenyewe, kile kichwa cha injini juu ya silinda, sawa, ila kumbuka sensa za Kijapani ni 1/8 BSPT yenye meno 28 kwa inchi na geji nyingi za Marekani ni 1/8 NPT meno 27, zinaingia mizunguko miwili mitatu zinakaza, unadhani ziko vizuri, kumbe unararua uzi wa hedi. Tafuta adapta. Na sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia uzi wake, ukiizungushia tepu nyeupe kama sambusa umeikatia ethi.

Kitu kimoja wengi hawakijui, sensa ya maji inasoma maji. Hosi ikipasuka maji yakaisha, sensa imebaki hewani na geji inaweza kushuka wakati injini inaungua. Ndiyo maana wengine wanaongeza sensa ya kubanwa chini ya bolti ya hedi, inayosoma joto la chuma chenyewe yenye alamu ya kupiga kelele. Mimi ninayo, naipenda kuliko hizo nyingine.

Presha ya tabo ndio nyepesi, unaweka kiungio cha T kwenye kihosi kinachotoka manifoldi ya hewa, klempu kila upande. 1HZ yenye pistoni za kiwandani usitafute sifa, 8 mpaka 10 psi inatosha.

Umeme: moto chukua kwenye fyuzi inayowaka ukiwasha swichi, weka fyuzi yake ya ampea 3 au 5, waya wa taa ya geji unga kwenye laini ya taa ndogo ili usiku isikupige macho, ethi kwenye chuma ulichokwangua rangi. Waya zipitie tundu lenye raba, ukitoboa bodi bila raba mtikisiko wa barabara ya vumbi utaukata waya mwaka huohuo. Mbali na ekzosi, mbali na nondo ya usukani na pedeli. Geji zenyewe weka pembeni ya kioo au juu ya dashibodi, ila kama gari yako ina eabegi kwenye nguzo ya kioo usifunge chochote hapo.

Sensa ya maji ipime kabla hujaifunga, iunge na geji mezani uitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Dar itasoma 100, Iringa mjini kwa sababu ya mwinuko maji yanachemka kwenye 95 hivi, usije ukarudisha geji dukani bure.

Ukishafunga, ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) utaona moshi kama digrii 150 mpaka 250, tambarare 350 mpaka 450, mlimani na mzigo 550 hadi 650. Ikikaribia 700 punguza mguu na urudishe gia chini, injini izunguke zaidi ipate hewa, usiendelee kuikandamiza kwenye gia kubwa. Ukifika usizime hapohapo, subiri ishuke chini ya 200 tabo ipoe. Baada ya wiki moja, injini ikiwa baridi, kaza tena bolti za manifoldi na klempu za ile hosi ya maji, zangu mbili zilikuwa zimelegea.