Kabla Mtoto Hajapanda Ndege: Mambo ya Kuzingatia katika Mabadilishano ya Wanafunzi wa Ujerumani na Uhispania

Barua ya shule huja mtoto akiwa darasa la tisa au la kumi, nayo huleta habari njema: wanafunzi wanaosoma Kihispania watabadilishana na shule ya Uhispania, wenzao watakuja kukaa majumbani mwetu kwa muda wa wiki moja hivi, kisha watoto wetu watakwenda kukaa kwao. Mzazi hufurahi na kutia saini usiku uleule. Nami nilifanya hivyo. Nimepokea wageni watatu wa Kihispania nyumbani kwangu hapa Ujerumani na nimewapeleka watoto wangu wawili Uhispania, na katika mojawapo ya safari hizo mwanangu aliteseka kwa sababu ya karatasi moja niliyoiacha kabatini. Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi wa Kiswahili wenye watoto katika shule za hapa, hasa wale ambao watoto wao bado wanatumia pasipoti za Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi. Maelekezo ya shule huandikwa kwa kumfikiria mtoto mwenye kitambulisho cha Ujerumani, na mzazi akiyafuata neno kwa neno anaweza kuacha nje jambo linalomhusu mtoto wake peke yake.

Nianze na mepesi. Umeme na soketi ni vilevile katika nchi zote mbili, hivyo usinunue adapta. Sarafu ni yuro pande zote. Tangu Juni 2017 laini ya simu ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nyingine bila ada ya ziada ya kutumia mtandao wa nchi nyingine (roaming), lakini angalia kiwango cha data cha kifurushi cha mtoto. Namba ya dharura ni 112 huku na huko. Begi lipimwe nyumbani kwa mizani, na liachwe nafasi, kwa kuwa wenyeji wa Uhispania hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu.

Bima inahitaji dakika chache zaidi. Geuza kadi ya bima ya afya ya mtoto uangalie upande wa nyuma. Kama yumo katika bima ya umma, hapo ndipo ilipo kadi ya Ulaya, inayompa matibabu katika hospitali na vituo vya umma vya Uhispania. Kadi hiyo haifanyi kazi katika zahanati za binafsi, ambazo ni nyingi katika miji ya watalii, wala hailipi gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani. Nunua bima ya safari. Kisha hakikisha kwamba bima yako ya dhima, ile inayoitwa hapa Haftpflicht, inamhusu mtoto na inafika nje ya nchi, kwa sababu mtoto anayekaa nyumba ya watu huweza kuangusha televisheni kama anavyoweza kuiangusha ya kwenu, na hapo aibu hugeuka deni.

Sasa nije kwenye karatasi, na hapa naomba usome polepole.

Mtoto asiye raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani ambacho bado ni hai pamoja na pasipoti hai, anaweza kuingia Uhispania bila viza na kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Hilo ni rahisi. Ugumu huanza pale kadi ya ukaazi inapokaribia kuisha, nayo hupenda kuisha wakati wa safari. Ukiomba kuongezewa muda kabla ya kadi kuisha, ofisi ya wageni hukupa karatasi ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Karatasi hizo hazilingani. Ile iliyotolewa kwa kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi huhesabu kibali cha zamani kuwa kinaendelea, na aliye nayo anaweza kutoka nchini na kurudi, mradi aibebe pamoja na kadi iliyokwisha na pasipoti. Iliyotolewa kwa aya ya 3 haimpi mtu ruhusa hiyo. Isome karatasi yenyewe mkiwa bado mezani pa afisa, na kama huelewi kilichowekewa alama, uliza hapohapo.

Mimi niliuliza. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, kadi yake ilikuwa imeisha siku chache kabla ya safari ya kwenda Valencia, na karatasi tuliyopewa ilikuwa ya aya ya 4. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani. Kosa langu lilikuja jioni ya kufunga begi. Nilikuwa nimeisubiri karatasi ile kwa wiki nyingi, nikaogopa kwamba mtoto angeipoteza kwenye basi au ufukweni, kwa hiyo nikaipiga picha kwa simu yake, nikampa pasipoti na kadi iliyokwisha, na karatasi halisi nikaitia katika faili la nyaraka na kulifunga kabatini.

Wakati wa kwenda hakuna aliyeitazama. Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kati yao, na kundi zima lilipita pamoja na walimu wake. Wakati wa kurudi, mhudumu wa mlango wa kupandia ndege alitaka kuona hati ya kila msafiri. Wenzake ishirini na kitu walionyesha vitambulisho na kupita. Yeye alionyesha pasipoti ya Kenya na kadi. Mhudumu aliigeuza kadi, akasoma tarehe, akaweka kidole juu yake. Binti yangu akafungua simu, akaonyesha picha. Mhudumu akaikuza picha kwa vidole viwili, akasema ni lazima aione karatasi yenyewe. Mwalimu mmoja alieleza kwa Kihispania kizuri, mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa sauti ya juu kidogo, lakini mhudumu hakubadilisha neno, na nikilifikiria leo siwezi kumlaumu. Mlango ulifungwa. Mwalimu mmoja aliondoka na kundi, na wa pili akabaki na mtoto wangu.

Nilipigiwa simu nikiwa napika. Kabla mwalimu hajamaliza sentensi ya pili nilikuwa nimeshajua faili liko wapi na karatasi iko ukurasa gani. Asubuhi ya pili yake nilisafiri kwa ndege mbili, nikiwa nimeishika bahasha mkononi njia nzima. Niliwakuta wawili hao wameketi kwenye viti vya ukumbi wa kuondokea, na katikati yao palikuwa na mfuko wa machungwa na mkate wenye tortilla, yaani kimanda cha viazi, uliofungwa kwa karatasi ya foili. Mama mwenyeji, aliyekwisha kumuaga na kumkumbatia siku iliyopita, alikuwa ameendesha gari kurudi uwanjani kuwachukua, akawalaza nyumbani kwake wote wawili, na asubuhi akawaleta tena. Binti yangu aliponiona alisimama na kusema, “Samahani, Mama.” Yeye ndiye aliyeniomba samahani. Neno hilo limenikaa kuliko bei ya tiketi tulizolazimika kununua upya.

Kwa hiyo karatasi halisi husafiri na mtoto. Picha na nakala zibaki nyumbani. Wengi wetu hufanya kinyume kwa sababu tumezoea kuficha kilicho cha thamani. Weka pasipoti, kadi na karatasi ya muda katika bahasha moja ya plastiki, umkabidhi mwalimu mkononi asubuhi ya safari. Angalia tarehe ya kadi siku ileile unapopokea barua ya shule, kwa kuwa miadi ya ofisi ya wageni katika miji mingi huchukua miezi. Mwandikie mwalimu mapema kwamba mtoto wako ana hati tofauti na wenzake, tena mwandikie kwa maandishi, hata kama unaona haya. Na kama mtoto hana kibali kinachomruhusu kusafiri, usikate tamaa kabla ya kuuliza kuhusu Schülersammelliste, yaani orodha ya pamoja ya wanafunzi wasafiri, yenye picha na iliyothibitishwa na ofisi ya wageni. Msingi wake ni uamuzi wa Baraza la Umoja wa Ulaya wa mwaka 1994, na umetungwa kwa ajili ya watoto wa namna hii. Walimu wengine hawaijui, na si kosa lao, kwa maana hawajawahi kuihitaji.

Ongeza barua ya idhini yenye saini ya wazazi. Familia za Kihispania zimezoea jambo hili, kwa kuwa mtoto wao asipokuwa na wazazi hatoki nchini bila tamko la ruhusa lililosainiwa polisi, kwa Guardia Civil (kikosi kingine cha usalama cha Uhispania) au kwa mthibitishaji wa hati. Kwetu sisi, ambao mara nyingi jina la mwisho la mtoto si la mama wala si la babu, barua hiyo na nakala ya cheti cha kuzaliwa huokoa maelezo marefu.

Chakula na saa zake ni jambo la pili kwa ukubwa. Uhispania chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, baada ya masomo, na cha usiku saa tatu au saa nne. Mtoto aliyezoea kula jioni mapema ataona njaa saa kumi na mbili na kudhani amesahauliwa. Mwambie kwamba asubuhi katikati ya masomo watu hula bocadillo, yaani mkate uliotiwa kitu ndani, na alasiri kuna kitafunio kingine kinachoitwa merienda. Asikikatae kwa adabu, maana bado yapo masaa mengi. Zamu yako ikifika ya kumpokea Mhispania, kumbuka kwamba yeye ndiye atakayeona ajabu. Mgeni wetu wa kwanza alikuta mkate, jibini na matango mezani saa kumi na mbili na nusu, akala kidogo akisubiri chakula chenyewe, na saa nne usiku nikamsikia akifungua friji kimya kimya. Tangu hapo napika chakula cha moto jioni kila mgeni anapokuja. Pilau haijawahi kurudi jikoni.

Familia za Kiislamu zisiishie kuandika kwenye fomu kwamba mtoto hali nyama. Katika nyumba nyingi za Uhispania vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa hutiwa kwenye dengu, supu na mboga kama kiungo tu, na mpishi kwa nia njema kabisa haoni kwamba amepika nyama. Andika neno nguruwe kwa Kihispania, cerdo, kisha utaje jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) na chorizo (soseji ya nguruwe) kwa majina. Kama safari inaangukia Ramadhani, zungumza na mwalimu kabla ya ratiba kupangwa.

Suala la pombe litajwe wazi, hata kama mtoto wako hajawahi kuigusa. Ujerumani kijana wa miaka 16 huruhusiwa na sheria kununua bia na divai, lakini Uhispania umri ni 18, na vijana wa Kijerumani husahau kwamba wamevuka mpaka. Shule nyingi humrudisha nyumbani kwa gharama za mzazi mwanafunzi anayevunja kanuni hiyo. Mwanao asikubali hata kushikishwa chupa ya mwenzake.

Watu hufikiri Uhispania ni joto mwaka mzima. Nyumba nyingi za kusini zina sakafu za vigae na hazina mabomba ya kupasha nyumba joto, na Februari usiku ndani ya nyumba ni baridi kuliko ndani ya nyumba ya Ujerumani. Pajama nzito na ndara za kuvaa ndani vitangulie begini kabla ya nguo za kuogelea.

Uliza pia shule iko jimbo gani. Katika Catalonia masomo mengi hufundishwa kwa Kikatalani, Galicia kuna Kigalisia, na katika jimbo la Basque kuna lugha isiyofanana hata kidogo na Kihispania. Mtoto aliyejiandaa kwa Kihispania cha kitabuni akaketi darasani asielewe neno hujiona mjinga bure. Kwa watoto wetu, waliokulia katika Kiswahili, Kijerumani na pengine lugha ya bibi, hili likielezwa mapema huwa furaha, kwa sababu wanajua nyumba yenye lugha mbili inavyokwenda.

Mengine ni uangalifu wa kawaida. Namba za simu za mwalimu na za wenyeji ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa na betri huisha. Dawa zibaki ndani ya pakiti zake. Zawadi kwa wenyeji iwe ndogo na iwe ya kwenu. Kikoi au kahawa ya nyumbani hukumbukwa. Usimpigie simu kila jioni, kwani anayesikia sauti ya mama kila usiku huchelewa kuzoea ugenini. Awe na fedha taslimu kidogo mahali tofauti na kadi. Na kama kuna tatizo la kweli katika nyumba aliyopangiwa, amwambie mwalimu siku ya kwanza, wakati familia nyingine bado inaweza kupatikana, asingoje ya tano. Hapa watoto wetu wana ugumu wao, kwa maana tumewalea wasilalamike katika nyumba ya watu, wale wanachopewa na washukuru. Kabla hajaondoka mwambie kwa kinywa chako kwamba kumwambia mwalimu “sijashiba” au “siko salama” si utovu wa adabu, na kwamba wewe mama yake, au wewe baba yake, ndiye uliyemruhusu kusema.