SOMO: Benzi limelala asubuhi, ulitengeneze au uachane nalo?

Wakuu, nawaandikia wenye Mercedes S-Class ya toleo la W220, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Nyingi husimama juu ya baluni za upepo badala ya springi; upepo ukivuja gari huinama, ndiko kulala kwenyewe. Bei ya gari imeshuka sana, ila ya spea haijapewa taarifa.

Hatua ya 1: Bodi kwanza. Inua mazulia, nusa. Lililowahi kuingia mafuriko, nyaya na kompyuta zake huoza taratibu. Chungulia kutu kwenye matao ya tairi na chini ya milango. Toleo hili lina sifa hiyo mbaya. Ukikuta kutu imekula chuma, hatua zinazofuata usizisome.

Hatua ya 2: Lipia vipimo kabla ya spea. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Gari langu lilikuwa linalala, fundi akaniuzia kompresa mpya, ile pampu inayojaza baluni upepo. Miezi miwili baadaye ikaungua. Kumbe baluni ya mbele kulia ilikuwa inavuja kwa juu, na kompresa inashinda inajaza ndoo iliyotoboka.

Fanya hivi mwenyewe. Jioni, pima kwa rula kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Ikishuka kona moja, shuku baluni ya hapo, bomba lake au valvu. Paka povu la sabuni kwenye maungio; panapovuja patachemka vipovu vidogo. Ukibadilisha kompresa, badilisha na relei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, maana relei iliyoganda huiacha izunguke hadi iungue. Na usiingie uvunguni bila stendi za chuma: gari la upepo hushuka bila hodi.

Hatua ya 3: Injini na gia. V6 na V8 za kawaida za gari hili ni ngumu, na zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo V8 inakula 16. Fundi akija na nane, mwulize nane nyingine ziko wapi.

Gia ya spidi tano ikianza kugoma, usikubali haraka kwamba gia boksi imekufa. Soketi ya nyaya pale kwenye gia huvuja, na mafuta hupanda na waya hadi kwenye kompyuta ya gia. Kaanzieni hapo, ni kipande kidogo tu cha plastiki chenye oringi, yaani pete ya mpira.

Hatua ya 4: Hesabu. Wengi hulinganisha matengenezo na bei ya kuliuza. Mimi nalinganisha na gari litakalochukua nafasi yake, pamoja na ushuru na service ya kwanza, maana hilo nalo utalikuta na mambo yake. Andika kiasi chako cha mwisho kabla boneti haijafunguliwa. Mwenzako nyumbani akione.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, siwezi kufunga springi za kawaida nikapumzika?
Jibu: Unaweza, ila ule ulaini unauaga, na dashibodi italalamika mpaka mfumo wa upepo ushughulikiwe kwa kompyuta. Kama unataka gari la springi, kuna magari mengi ya springi.

Swali: Langu lina ABC. Mbinu ya sabuni inafaa?
Jibu: Hapana dada, ABC ni mfumo mwingine wa kuinua gari, nao unatumia mafuta, si upepo. Angalia kiwango cha mafuta na mipira ya kupitishia mafuta inayolowa. Usipapase kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, presha yake inaweza kupenya ngozi. Na kwa ABC, kiasi cha hatua ya 4 kiongeze, au uza mapema.

Swali: Niko Nairobi, nimepata baluni za mtumba Kirinyaga Road kwa bei poa.
Jibu: Kaka, mpira wa mtumba umezeeka sawa na wako. Taa, viti, milango, chukua mtumba. Mpira nunua mpya.

Swali: Na wewe lako uliamuaje?
Jibu: Ninalo. Nilibadilisha baluni mbili za mbele, kompresa na relei. Tangu Jumapili nyuma kushoto inashuka sentimita moja kwa usiku. Rula iko kwenye mfuko wa mlango.